Lawrence na Wana wa Ngurumo

Thomas Edward Lawrence alizaliwa tarehe 16 Agosti 1888 katika kijiji cha Tremadog, nchi ya Wales. Alikuwa mtoto wa pili katika ndugu watano, wote wanaume. Baba yake alikuwa mtu mwenye fedha za kutosha, asiye na kazi ya kuajiriwa, na baada ya kuhamahama kwa miaka kadhaa aliiweka jamaa yake katika mji wa Oxford, ili wanawe wapate elimu njema. Basi Lawrence alikulia huko, akasoma huko, na baadaye akaingia chuo kikuu cha mji huohuo.

Watu wengi wamwjuao Lawrence humjua kwa habari za vita vya Arabuni, na vitabu vilivyoandikwa juu ya vita hivyo ni vingi mno. Sisi hapa tutavipita upesi. Tunataka kueleza jambo ambalo vitabu vikubwa hulitaja kwa maneno machache tu, nalo ni pikipiki zake, na jinsi alivyoshikamana na fundi mmoja aliyeziunda, tangu mwaka wa 1922 hata siku ya kufa kwake.

Tangu ujana wake alipenda safari ndefu. Kati ya mwaka 1906 na 1908 alikwenda Ufaransa kwa baiskeli mara kwa mara, akizunguka kutazama ngome za kale. Mwaka wa 1909 alikwenda Shamu wakati wa joto kali, akatembea kwa miguu kadiri ya maili 1,000 akizikagua ngome zilizojengwa na Wazungu wa zamani waliokwenda kupigania Yerusalemu. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini mwili wake ulizoea njaa, jua na usingizi mchache. Baada ya masomo akafanya kazi ya kuchimbua mji wa kale wa Karkemishi, karibu na mto Frati, na huko akajifunza Kiarabu na desturi za watu.

Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914 alipelekwa Misri. Mwaka wa 1916 Waarabu wa Hejazi waliinuka kupigana na utawala wa Waturuki, naye akatumwa kwao kuwa mshauri. Alipanda ngamia pamoja nao, akalala chini pamoja nao, akavunja njia ya reli ya Waturuki mara nyingi. Bandari ya Akaba ilitwaliwa mwezi wa Julai 1917, na Dameski tarehe 1 Oktoba 1918. Katika vita hivyo ndipo alipojua kwanza thamani ya chombo cha kutegemewa, maana pamoja na ngamia walikuwa na motokaa chache za deraya za Rolls-Royce. Motokaa hizo zilikimbia juu ya mchanga na mawe ambako hapakuwa na barabara. Chombo kikiharibika jangwani, mtu hana wa kumwita, na maji ya kunywa yanahesabika.

Lakini Lawrence alirudi kwao mwenye uchungu. Serikali ya Uingereza iliwaahidi Waarabu kwamba watajitawala. Na huku, kwa siri, mwaka wa 1916 ilikuwa imekwisha patana na Ufaransa kugawana nchi zilezile. Lawrence alipata kuijua habari hiyo kabla vita havijaisha, naye akaendelea kuwatia Waarabu moyo wapigane. Mfalme George wa Tano alipotaka kumvika nishani, alikataa. Mwezi wa Julai 1920 Wafaransa walimfukuza Amiri Faisal kutoka Dameski. Mwaka uliofuata Lawrence alishiriki katika shauri lililomfanya Faisal kuwa mfalme wa Iraki, lakini hata hivyo aliona ya kuwa alikuwa amewapa watu neno ambalo halikutimizwa. Ndugu zake wawili walikuwa wameuawa vitani mwaka wa 1915. Jina lake lilikuwa katika magazeti yote, naye hakulitaka tena.

Kwa hiyo mwezi wa Agosti 1922, mtu huyu aliyekuwa kanali akajiandikisha katika jeshi la ndege kama askari wa chini kabisa, kwa jina la kubuni, John Hume Ross. Magazeti yakamgundua, naye akaachishwa mwanzoni mwa mwaka 1923. Akaingia jeshi la vifaru huko Bovington kwa jina lingine, Shaw, na mwaka wa 1925 akarudishwa katika jeshi la ndege. Askari wa chini hana chumba chake, hana saa yake, na nguo zake si zake. Lawrence alikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa chake kweli na kumtoa kambini jioni, nacho ni pikipiki. Ile ya kwanza iliyokuwa na jina la Brough Superior aliipata mwaka huohuo wa 1922.

Sasa yatupasa kumtaja yule fundi. George Brough alizaliwa mwaka wa 1890 katika mji wa Nottingham. Baba yake naye aliunda pikipiki, zikiitwa Brough. Mwana alitaka kuunda kubwa zaidi na bora zaidi, baba hakukubaliana naye, basi mwaka wa 1919 mwana akaanzisha karakana yake mwenyewe katika mji uleule. Pikipiki zake akaziita Brough Superior, maana yake Brough zilizo bora. Msomaji aweza kufikiri jinsi mzee alivyolipokea jina hilo, kwa kuwa kama za mwana ni bora, za baba ni nini?

Karakana yake haikuwa kubwa. Tangu mwaka 1919 hata 1940, yaani miaka zaidi ya ishirini, zilitoka humo pikipiki zaidi kidogo ya 3,000 tu. Wala Brough hakuunda kila kitu mwenyewe. Injini alizinunua kwa watu wengine, hasa kampuni ya J. A. Prestwich ya London. Sanduku la gia nalo lilitoka kwingine. Injini hizo zilikuwa na silinda mbili zilizokaa mfano wa herufi V, na ukubwa wake ulikuwa karibu sentimita za ujazo 1,000. Ili mpate kuelewa, pikipiki nyingi zichukuazo abiria katika miji yetu zina 100 hata 150. Ustadi wake ulikuwa katika kuchagua, kuunganisha na kujaribu. Kila pikipiki iliungwa mara mbili. Kwanza iliungwa yote ili mafundi waone kama kila kipande chakaa mahali pake. Kisha ikafunguliwa yote tena, vipande vikapakwa rangi na kung'arishwa, ndipo ikaungwa mara ya pili na kupelekwa barabarani kujaribiwa. Mafundi wengine waliona kazi hiyo kuwa ni kupoteza siku. Lakini kasoro ambayo haikuonekana mara ya kwanza, mara ya pili ilionekana, na ilionekana karakanani, si njiani usiku penye mvua.

Tena Brough alikuwa na jambo lingine. Mwaka wa 1924 alitoa pikipiki ya namna mpya iliyoitwa SS100, na kila mwenye kuinunua alipewa hati yenye sahihi, kwamba pikipiki hiyo imejaribiwa na kufikia mwendo wa maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160. Namna ya kabla yake, SS80, ilipewa ahadi ya maili 80. Gazeti moja la pikipiki liliziita Rolls-Royce za pikipiki, na Brough akatumia maneno hayo katika matangazo yake. Lawrence, ambaye alizijua Rolls-Royce zenyewe jangwani, hakuwa mtu wa kudanganyika kwa tangazo.

Wala tusidhani kwamba pikipiki za kwanza hazikuwa na ila. Mwaka wa 1922 na 1923 Lawrence aliagiza vipuri mara nyingi sana kutoka Nottingham. Mtu mwingine angaliuza na kwenda kwa mwunzi mwingine. Yeye aliona ya kwamba kasoro ikipelekwa karakanani, pikipiki inayofuata haina kasoro ile. Kwa hiyo alinunua ya pili mwaka wa 1923, ya tatu mwaka wa 1924, ya nne mwaka wa 1925, na ya tano, SS100, mwaka wa 1926. Akaziita George wa Kwanza, George wa Pili, na kuendelea, kama vile wafalme wanavyohesabiwa. Pia alizipa jina la Boanerge. Wasomaji wa Injili ya Marko wanalijua jina hilo. Ndilo alilopewa Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, na maana yake ni wana wa ngurumo. Mtu aliyesikia injini ile ikiwashwa hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwezi wa Septemba 1926 Lawrence alimwandikia Brough barua ya shukrani, kwa maana alikuwa karibu kupelekwa Bara Hindi. Barua hiyo yastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu si sifa tupu. Ndani yake mna hesabu. Alimwambia kwamba jana yake alikuwa amekamilisha maili 100,000 tangu mwaka wa 1922, juu ya pikipiki tano zilizofuatana. Hizo ni kama kilometa 160,000, nazo zatosha kuizunguka dunia mara nne. Akasema kwamba katika mwaka 1925 na 1926 hakusimama njiani hata mara moja pasipo kutaka, hata hakupata nafasi ya kujua kama duka la vipuri lingali likihudumia vema kama zamani. Alikiri kwamba ni ghali mno kununua, lakini si ghali kutunza: galoni moja ya petroli, nayo ni lita nne na nusu, ilimpeleka maili 50 hata 65, na tairi moja ilidumu maili 5,000 hata 6,000. Katika miaka minne alidai fedha za bima mara moja tu, tena chini ya paundi tano.

Akaeleza pia namna yake ya kusafiri. Hakujihesabu kuwa mtu wa mashindano. Alikwenda mbali kwa siku moja, mara nyingi maili 500, na mara chache 700, umbali unaokaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hata Mwanza. Katika miji alikwenda polepole sana, kwa kuwa kasi ya barabara tupu ilimrudishia saa zake, na wastani wake wa siku ukawa maili 40 au 42 kwa saa. Injini kubwa ikizunguka taratibu, alisema, humpumzisha mpandaji. Barua hiyo ilimpendeza Brough sana, na haishangazi, kwa kuwa mwunzi hapati mara nyingi mteja anayehesabu kila galoni na kila tairi.

Mwandishi wa habari hizi hana pikipiki. Anayo baiskeli, ileile tangu alipotoka chuo cha ualimu, na watu humcheka kwa kutoibadili. Walakini anaamini kwamba anamwelewa Lawrence katika jambo hili. Chombo kikikufikisha shuleni asubuhi elfu, hukiulizi tena swali kila asubuhi. Mawazo yako yanakuwa huru kufikiri mengine. Na Lawrence alikuwa na mengi ya kufikiri.

Katika kitabu chake kiitwacho The Mint, kilichotolewa kwa watu wote mwaka wa 1955, miaka ishirini baada ya kufa kwake, amesimulia jioni moja alipokuwa kambini Cranwell. Alikuwa akienda mjini Lincoln, na ndege ya kivita ikashuka chini juu ya barabara, na rubani akamwashiria washindane. Lawrence akafungua moto. Barabara ilikuwa na mashimo, pikipiki ikaruka na kuanguka chini yake mfano wa farasi, motokaa iliyokuwa ikija ikakaribia kuingia mtaroni kwa hofu. Ndege ilimtangulia, kisha akailingana, kisha akaipita. Baada ya hayo akapunguza mwendo, akaenda zake kununua chakula cha kuwaletea wenzake wa bwenini. Hadithi hiyo huwapendeza wavulana wote. Lakini twaomba mwenye motokaa ile naye akumbukwe.

Alikaa Bara Hindi kuanzia Januari 1927, kwanza Karachi, kisha katika ngome ndogo ya Miranshah mpakani mwa Afghanistani. Huko hakuwa na pikipiki. Aliporudi Uingereza mwaka wa 1929, alikuta Brough mpya ikimngoja, nayo ilikuwa zawadi ya rafiki zake, na miongoni mwao alikuwamo mwandishi Bernard Shaw na mkewe. Rafiki hawa wangeweza kununua ya mwunzi yeyote. Walijua kwamba nyingine isingempendeza.

Akawekwa Mount Batten, karibu na bandari ya Plymouth. Mwezi wa Februari 1931 ndege ya majini ilianguka mbele ya macho yake, na mashua za kuokoa zilikuwa nzito na za polepole. Tangu hapo akafanya kazi na mafundi wa mashua huko Southampton, akijaribu mashua mpya zenye kasi kwa ajili ya jeshi la ndege, akiandika kila kasoro kama alivyokuwa akimwandikia Brough. Mashua za namna hiyo ziliwaokoa marubani wengi katika vita vya pili. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake njema kuliko zote, ingawa ndiyo isiyojulikana sana.

Mwaka wa 1932 alipata pikipiki yake ya saba, SS100 yenye namba GW 2275. Mwishoni mwa Februari 1935 muda wake wa jeshi ukaisha katika mji wa Bridlington, naye akaondoka huko kwa baiskeli ya kukanyaga, akielekea kusini kwenye nyumba yake ndogo iitwayo Clouds Hill, karibu na kambi ya Bovington. Alikuwa na umri wa miaka 46, na George wa Nane alikuwa amekwisha agizwa.

Tarehe 13 Mei asubuhi alipanda pikipiki, akaenda posta ya Bovington kupeleka simu ya maandishi na kifurushi. Njia hiyo ilikuwa fupi sana, nayo aliijua kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Wakati wa kurudi, mbele yake walikuwako wavulana wawili juu ya baiskeli, na bonde dogo la barabara lilikuwa limewaficha. Alipowaona, akapinda kwa ghafula ili asiwaue, akamgusa mmoja, akatupwa mbele juu ya usukani, akaangukia kichwa. Wavulana wote wawili walipona. Lawrence hakuwa na kofia ngumu, kwa kuwa siku zile watu wa barabarani hawakuivaa, wala hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha. Alilala siku sita pasipo fahamu, akafa tarehe 19 Mei 1935. Akazikwa siku mbili baadaye katika kijiji cha Moreton, na miongoni mwa waliosimama kaburini alikuwako Winston Churchill.

Brough hakuwa amevunja ahadi yake. Injini haikukosa, wala hatujasoma kwamba tairi au breki ilishtakiwa. Pikipiki nzuri hufanya lile iliyoundiwa. Haioni watoto walio nyuma ya kilima, wala haimpi mpandaji fuvu gumu zaidi.

Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama Lawrence kitandani alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa kupasua ubongo. Hakuweza kumsaidia, lakini hakulisahau jambo hilo. Vita vilipoanza tena, alianza kukusanya hesabu za askari wapanda pikipiki waliokufa kwa kuumia vichwa, akawalinganisha waliovaa kofia ngumu na wasiovaa, na mwaka wa 1941 akayaandika hayo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka uleule jeshi la nchi hiyo likawaamuru wapanda pikipiki wake wavae kofia ngumu. Kwa raia sheria ilichelewa hata mwaka 1973, na Cairns alikuwa amekwisha kufa tangu 1952.

George Brough aliacha kuunda pikipiki mwaka wa 1940, na karakana yake ikageuzwa kutengeneza vipande vya injini za ndege za vita. Hakuanza tena, akafa mwaka wa 1970. Pikipiki zake nyingi zingali zinatembea, na mwaka wa 2014 SS100 moja ya mwaka 1929 ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya paundi 300,000. Ile GW 2275 haikuharibika sana siku ya ajali. Ilirudishwa Nottingham, ikatengenezwa, ikauzwa kwa mtu mwingine, nayo imehifadhiwa hata leo.